Kahawa ya Mteremko Mmoja

Siku aliyorudisha kiti cha magurudumu, Mama Chupa alitoka dukani mikono mitupu, asijue aiweke wapi. Kwa muda mrefu mikono ile haikuwa na nafasi hata ya kujikuna: ilisukuma kiti, ikainua, ikafuta, ikalisha. Sasa mumewe alikwisha zikwa, kiti kimerudi kilikoazimwa, na mwenye duka la vifaa vya wagonjwa amempa pole ya haraka huku akipokea simu. Akasimama pale kibarazani, akaushika mkoba wake, akauachia, akaushika tena. Hapo ndipo harufu ilipomkamata.

Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi. Miaka yote ya kazi yake alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, yeye na chupa zake, na ole wako uvunje moja. Alistaafu kabla mumewe hajaanza kuugua, lakini jina halikustaafu. Hata muuza maziwa alimwita hivyo.

Harufu ilitoka mlango wa pili, chumba chembamba chenye mashine iliyozunguka polepole ikilia kama mvua ya mawe juu ya bati. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana, aproni yake imejaa masizi. Hakuuza kitu kingine ila kahawa aliyoikaanga mwenyewe.

"Karibu, mama. Unapenda kahawa ya namna gani?"

Mama Chupa akatazama punje zilizokuwa zikizunguka mashineni. Swali jepesi kabisa, na limemkuta mtupu.

Maana ukweli ni kwamba usichanani mwake alikuwa mnywaji wa kahawa hasa. Kisha akaolewa. Asubuhi ya kwanza kabisa ya ndoa yao alijichemshia kikombe, na bwana harusi akakunja pua, akafungua dirisha, akasema kwa utani, "Mke wangu, hicho ni kinywaji cha walinzi." Hakufoka. Hakuwa mtu wa kufoka. Bibi harusi akacheka, akamwaga kikombe chake kwenye sinki, na tangu siku hiyo nyumba yao ikawa ya chai ya maziwa, sukari ya kumwaga, asubuhi na jioni. Mapazia yalikuwa ya rangi aliyoipenda mume, redio ilikaa kwenye kituo alichokipenda mume, chumvi iliishia pale ulimi wake uliposema basi. Na bado usingeweza kumwita mume mbaya. Alikuwa mpole, mcheshi, mwaminifu wa kupigiwa mfano. Ni vile tu ulimi wake ndio uliokuwa katiba ya nyumba.

"Sijui," Mama Chupa alimjibu mkaanga kahawa. Akaona aibu kidogo, kisha aibu ikageuka hasira. "Sijui, lakini nataka kujua."

"Basi tutafute. Kaa hapo."

Akamwekea vikombe vitatu vidogo. Cha kwanza kilitoka bonde la mto fulani. Kahawa nzito, yenye harufu kama ya kakao. Mama Chupa akasema ni nzuri, kwa sauti ile ile tunayosemea kwamba mtoto wa jirani ni mzuri. Cha pili kilikuwa mchanganyiko wa mashamba mengi. "Hii kila mtu anaipenda," alisema mkaanga kahawa. Mama Chupa akainywa na kuisahau palepale.

"Hii ya tatu nakwambia mapema, wengi huirudisha. Imetoka shamba moja, mteremko mmoja wa mlima, wanailima dada wawili. Wanachuma zilizoiva nyekundu tu, wanaanika wenyewe, haichanganywi na ya mtu. Watu wanasema chachu."

Mama Chupa akanywa. Ukali wa kwanza ulimbana mashavu kama zambarau ambayo haijaiva. Akataka kukiweka kikombe chini. Halafu nyuma ya ukali ikaja harufu ya ganda la chungwa, na nyuma yake tena, polepole, utamu usiokuwa na haraka, ukakaa ulimini kama mgeni aliyevua viatu.

"Hii," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Hii ina msimamo. Nifungie."

Mkaanga kahawa akacheka, akamfundisha mawili matatu huku anafunga. Usinunue iliyokwisha sagwa. Harufu yake imeshaaga. Uliza imekaangwa lini, na muuzaji akianza kutafuna maneno, ondoka. Ukiona punje zinameremeta mafuta na nyeusi kama mkaa, ujue zimeunguzwa kuficha ubovu. Punje njema ni kavu, ya rangi ya mbao, na ukiivunja inalia.

Nyumbani, mambo hayakwenda kama dukani. Mama Chupa alitwanga punje zake kwa kinu cha viungo, zikatoka nusu vumbi nusu changarawe. Akamimina maji yanayotokota. Alichopata kilikuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja, kama salamu za mnafiki. Mwingine angeitupa akarudi kwenye majani ya chai. Yeye alisimama jikoni, mikono kiunoni, akahisi kitu ambacho hajakihisi tangu msiba: alikuwa amepata tatizo ambalo si ugonjwa.

Akapanda kwenye kiti, akashusha boksi lake la kustaafia. Ndani mlikuwamo faneli ya kioo ya kumiminia, iliyomeguka ukingo, mizani ndogo, kipimajoto na karatasi za kuchujia. Akanunua kinu cha mkono cha kusagia. Akaanza kazi kwa namna aliyowaimbia wanafunzi miaka nenda miaka rudi: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, la sivyo hutajua nani kakusaidia na nani kakuharibia. Akapoza maji kidogo kabla ya kumimina, uchungu ukapungua. Akasaga laini zaidi. Maji yakakwama juu ya karatasi yakalala. Akasaga kubwa zaidi. Yakapita mbio bila kuchukua chochote. Akagundua kwamba ukiilowesha kwanza kidogo tu ukangoja, kahawa huumuka kama unga wenye hamira, inavuta pumzi, ndipo inakubali maji yaliyobaki.

Na alizoea kusema nayo. Huo ulikuwa ugonjwa wa maabara tangu zamani. "Taratibu, bibie," angeiambia faneli. "Nani anakukimbiza? Shuka. Shuka hivyo hivyo."

Asubuhi ilipotoka sawasawa, alijua kabla ya kuonja. Harufu ya ganda la chungwa ilipanda ikamkuta usoni. Akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, ambacho kwa miaka yote kilikuwa cha mumewe, akanywa kikombe chote bila kuinuka kumhudumia mtu. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuuliza ni ya nini.

Sasa, mumewe huyo alikuwa na dada mkubwa. Katika ukoo walimwita Spika, kwa sababu hakuna kikao kilichoanza kabla hajasema kimeanza, wala kuisha kabla hajasema kimeisha. Wazazi wao walifariki mapema, naye akiwa msichana tu aliwashika wadogo zake mkono, akawalisha, akawasomesha, akawaoza. Deni la namna hiyo halilipiki, na Spika hakuwahi kuliacha lisahaulike. Alikuwa na ufunguo wa nyumba ya kaka yake. Hakupiga hodi, aliingia tu, kama upepo.

Ndivyo alivyoingia asubuhi moja akamkuta wifi yake ameinamia faneli ya kioo, pembeni mizani na kipimajoto, mvuke umemzunguka kichwa, naye anabembeleza: "Haya, shuka mama, usiogope."

Spika akashika fremu ya mlango. "Wifi! Unazungumza na nani?"

"Na kahawa, dada. Karibu. Nikupimie?"

"Unipimie?"

Spika hakukaa. Alitazama kipimajoto, akatazama kiti cha dirishani chenye mto mpya, akanusa hewa mara mbili, akaondoka. Kufikia mchana habari ilikwisha zunguka ukoo mzima ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha: mjane anachemsha dawa za ajabu, anazinenea, anazipima kwa mizani, na marehemu hata kaburi lake halijaota majani.

Wiki ile ile Mama Chupa alikwenda kupimwa macho. Aliporudi, jikoni palinukia sabuni. Boksi lake lilikuwa limefungwa kwa kamba na kusukumwa chini ya meza. Bati la majani ya chai lilikuwa limerudi mahali pake pa zamani, karibu na jiko. Mfuko wa kahawa hakuuona. Aliukuta kwenye ndoo ya taka, punje zote zimemwagwa humo na kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo juu yake, mtu asije akapata wazo la kuziokota. Mezani Spika alikuwa ameacha ujumbe kwa njia yake: kikombe cha chai ya maziwa, kimefunikwa kisahani, bado vuguvugu.

Mama Chupa akainama juu ya ndoo. Akaokota punje moja, akaifuta kwa kidole, akainusa. Sabuni tupu. Akawafikiria wale dada wawili asiowajua, wameinama mlimani wanachagua nyekundu, wanaacha kijani, punje kwa punje. Kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni. Huzuni alikuwa anaijua kwa sura, wameishi pamoja. Hiki kilikuwa na joto.

Jioni simu ikalia. Alikuwa bintiye, mwalimu wa kuogelea katika mji mwingine.

"Mama, shangazi amenipigia. Anasema Jumamosi kuna kikao."

"Cha nini?"

Binti akasita. "Cha wewe. Wanaona usikae peke yako. Wanataka baba mdogo ahamie hapo na familia yake, wewe uchukue kile chumba cha uani, upumzike, uangaliwe. Shangazi anasema unaongea na birika."

"Ni faneli."

"Mama, nakuomba. Wewe wakubalie tu yaishe. Hiyo kahawa iache kwanza, mpaka watulie. Kahawa ni kitu gani bwana, mpaka watu wa ukoo wagombane?"

Mama Chupa akaihamishia simu sikio la pili.

"Mwanangu," alisema, "mimi na wewe tukiona mtu mzima anafundishwa kuogelea, tunasema amechelewa?"

"Hapana."

"Haya. Jumamosi njoo. Usije kunitetea, njoo tu."

Kesho yake alikwenda kwa mkaanga kahawa akachukua mfuko mwingine wa ile ile ya mteremko mmoja. Njiani akapita duka la vifaa vya ujenzi akanunua kitasa kipya. Hakumwita fundi. Mtu aliyelinda makabati ya tindikali dhidi ya vizazi na vizazi vya vijana watundu hashindwi na kitasa. Alifungua cha zamani kwa bisibisi, akakitia kipya, akakijaribu, akatia na grisi ili kizunguke vizuri. Alipomaliza alikaa sakafuni pale mlangoni, magoti yanamuuma, akacheka peke yake kwa sauti. Kama kulikuwa na jirani anayesikiliza, basi na hilo likaongezwe kwenye mashtaka.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, binti alikuwa amekwisha fika na mkoba wake, anaosha vikombe kwa uso wa mtu anayengoja dhoruba. Wakasikia ufunguo ukichokonoa mlango. Ukachokonoa tena. Ukatolewa, ukapanguswa, ukaingizwa. Mlango ukasukumwa kwa bega. Haukufunguka.

Binti akamtazama mama yake. "Mama, umefanya nini?"

"Ngoja."

Nje, sauti ya Spika ikanong'ona na sauti ya kiume. Kitasa kikatikiswa mara moja zaidi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile iezekwe, ikasikika:

"Hodi."

Ilitamkwa kama mtu anayetema mfupa. Mama Chupa akavua aproni, akajitengeneza kitambaa cha kichwa, akaenda kufungua.

"Karibuni sana."

Spika akaingia kifua mbele. Nyuma yake alikuja shemeji, mdogo wa marehemu, muuza matairi, mtu mkubwa wa mwili anayependa amani kiasi kwamba akikanyagwa yeye ndiye anayeomba samahani. Wakaketi sebuleni. Mama Chupa hakuketi. Alileta meza ndogo katikati, akapanga vitu vyake mbele yao: mizani, kinu, faneli juu ya jagi, karatasi, birika.

"Wifi, tumekuja kuzungumza," alisema Spika.

"Zungumzeni, dada. Masikio hayasagi."

Akaanza kuzungusha kinu. Mlio wake ulikuwa mkubwa. Spika alikuwa ameandaa hotuba nzuri, yenye kwanza na pili na kwa hiyo, lakini kila alipofika mahali pa kupumua alikuta kinu kinapumua naye. Akapandisha sauti. Alisema juu ya heshima ya nyumba. Alisema juu ya majirani, kwamba harufu ya sherehe inatoka kwenye dirisha la msiba. Alisema mjane ni yai, haliachwi likae pembeni ya meza, na kwamba shemeji yake amejitolea, kwa moyo mweupe, kuhamia hapa.

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Umejitolea, shemeji?" Mama Chupa aliuliza, akiendelea kusaga.

"Mimi... dada alisema itakuwa vizuri."

"Na mkeo alisemaje?"

"Mke wangu..." Akajifuta jasho. "Mke wangu alisema nikija kulala huku nije peke yangu."

Binti akageuza uso haraka kuelekea ukutani. Spika akampiga mdogo wake jicho ambalo lingeweza kutoboa moja ya bidhaa zake.

"Tusiruke mada," alisema. "Wifi, kaka yangu angekuwa hai, ungethubutu haya?"

Kinu kikasimama. Hilo lilikuwa jiwe lenyewe, na limempata. Mama Chupa akamimina unga wa kahawa kwenye karatasi, akausawazisha kwa kidole.

"Nisingethubutu," alisema. "Umesema kweli, dada. Asubuhi ya kwanza alikunja pua, nami nikamwaga kikombe changu. Hakunilazimisha. Nilimpenda, na kwa sababu nilimpenda niliogopa hata kumkunjisha pua. Mambo hayo mawili yalilala kitanda kimoja na mimi mpaka mwisho. Sasa yeye hayupo, na mimi nipo. Mnataka niendelee kuimwaga kahawa yangu kwa ajili ya pua ya nani?"

Akainua birika. Akamimina maji kidogo. Kahawa ikaumuka, ikapasuka vipovu, na ile harufu ya ganda la chungwa ikasimama katikati ya sebule.

Ndipo Spika alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Midomo ikamcheza. Akatoa leso, lakini hakuitumia, akaishika tu.

"Mnadhani mimi nina wivu na kikombe," alisema, na sauti ya hotuba ilikuwa imemwisha. "Nilimlea yule mtoto kwa chai. Siku ambazo hatukuwa na kitu, tulikuwa na chai. Alipooa, nikija hapa nikisikia harufu ya chai naona: yupo, ni mzima, ni mdogo wangu. Tangu amekwenda nikiingia humu nafunga macho kwanza, namnusa. Juzi nimefungua mlango, sikumpata. Nimekuta hiki. Umemfukuza mara ya pili."

Binti akaanza kulia waziwazi. Shemeji akamshika dada yake bega. Na Mama Chupa, birika mkononi, akapiga hatua moja kumwelekea. Ingekuwa rahisi mno. Kumkumbatia, kulia pamoja, kuchemsha chai, na kabla jua halijazama kila kitu kingerudi mahali pake, na yeye angerudi mahali pake. Alizijua njia za moyo wake. Zote ziliteremka kuelekea huko.

Akaendelea kumimina, kwa duara, polepole.

"Dada," alisema, "pole. Hilo sikulijua, na kama ungeniambia tungelilia wote. Lakini hukuniambia. Uliingia kwangu nikiwa sipo, ukachukua kitu changu ukakimwagia maji machafu. Mimi si chumba cha kumhifadhia kaka yako. Siwezi kunuka chai mpaka nife ili wewe ukija umkute."

"Kwako?" Spika aliinua kichwa. "Hapa kwako?"

"Hapa kwangu. Tulipojenga, mchana nilikuwa shuleni naosha chupa, jioni nilikuwa hapa nabeba maji ya zege, mimba ya huyu tumboni. Siendi chumba cha uani. Shemeji hahamii. Na ufunguo ule, dada, kaa nao kama kumbukumbu. Ukija, piga hodi, nami nitafungua kila mara. Kila mara, nakuahidi."

Akagawa vikombe. Shemeji, mtu wa amani, akapiga funda kubwa kwa haraka ili kuonyesha nia njema, na uso wake wote ukajikunja kuelekea puani.

"Shemeji! Ni chachu hii!"

"Ndiyo."

"Hakuna sukari?"

"Ipo jikoni. Lakini kwanza imeze hivyo hivyo, usikie inasema nini. Sikuwapikia muipende. Nimewapikia muijue."

Shemeji akameza. Alifikiri. "Inasema chachu," alisema kwa unyonge, akaenda kutafuta sukari, na hakuna aliyemlaumu.

Spika hakugusa kikombe chake. Alikaa nacho mbele yake mpaka mvuke ukakoma, akasimama, akavuta nguo yake vizuri. Kila mmoja alingoja aseme kikao kimekwisha. Hakusema. Alimtazama wifi yake kwa muda, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuwa akiishi naye, akatoka nje bila kwaheri. Shemeji akamfuata mbio, nusu ya kikombe chenye sukari mkononi. Kikombe chenyewe alikirudisha baadaye, kimeoshwa, na salamu za mkewe za shukrani nyingi kupita kiasi.

Mlango ulipofungwa, binti alikaa chini. "Umemwumiza shangazi."

"Najua."

"Ungeweza kumwambia kwa upole."

"Upole wangu unaujua, umekulia ndani yake. Niambie ulinifikisha wapi." Akajimiminia kilichobaki kwenye jagi. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Sijafurahi, mwanangu. Usidhani nimefurahi. Lakini sitaki kurudisha hata neno moja."

Binti akachukua kikombe alichokiacha shangazi yake, baridi tayari, akaonja. Akakunja uso, akaonja tena. Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni akarudi na maziwa, akamimina bila kuomba ruhusa. Mama Chupa akaona kazi yote ya mteremko ule ikigeuka rangi ya udongo, akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Unasemaje?" binti aliuliza kwa ukali, maana naye alikuwa damu yake.

"Sijasema kitu. Ni kikombe chako."

Spika alikaa miezi mingi bila kutia mguu. Katika shughuli za ukoo alimsalimia Mama Chupa kwa ncha za vidole. Wengine walimfuata, wakamwita mkaidi, mwenye kiburi, mjane aliyeota pembe. Simu zilipungua. Kulikuwa na Jumapili ambazo nyumba ilikuwa kimya hadi saa ya ukutani ikamkera, na siku moja aliifungua akatoa betri. Hizo ndizo gharama, na alizijua, na hakujidanganya kwamba hazipo. Hata hivyo, shemeji aliendelea kupita, akitoka kazini, na pakiti yake ya sukari mfukoni, akanywa kikombe kimoja na kulalamika. Alisema anakuja kuhakikisha kama bado ni chachu.

Spika alipokuja hatimaye, alikuja mchana, peke yake, amebeba chupa yake ya chai kutoka nyumbani kwake. Alipiga hodi. Walikaa sebuleni, kila mtu na chake, na wakazungumza juu ya magoti yao, ambayo yaliwauma wote wawili kwa namna zinazofanana. Hawakuombana radhi. Jina la marehemu lilitajwa mara moja, na wote wakatazama pembeni, halafu wakaendelea na magoti.

Msimu wa dada wawili ulipokwisha, mkaanga kahawa akamwambia Mama Chupa kwamba zimebaki mbichi tu, gunia dogo, na yeye mwenyewe mashine yake imeharibika inangoja kipuri. Mama Chupa akaomba auziwe mbichi. Akaenda nazo nyumbani, zile punje ngumu za kijani zinazonukia nyasi, akaweka kikaango juu ya moto, akafungua madirisha yote ya jikoni na ya sebuleni na mlango wa mbele pia.

Hakuwahi kukaanga. Za mwanzo ziliungua upande mmoja zikabaki mbichi upande wa pili, na moshi wake ukatoka mzito, wa buluu, ukavuka ua, ukaingia barabarani. Punje zikaanza kulia, pa, pa, pa, na maganda membamba yakaruka yakatua kwenye nywele zake. Mtu akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama Chupa! Nyumba inaungua?"

Alikuwa akikoroga kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, macho yanawasha.

"Haiungui!" alijibu kwa nguvu. "Mimi ndiye ninayekaanga!"

Akazidisha moto.